Eti "hela za madafu"! Kaisukuma shilingi yangu kwa ncha ya kalamu, leo sinyamazi

Mabegi_Jumla:

Wakuu habari za jioni, ambao siku yenu imeenda vizuri mshukuruni Mungu, mimi yangu iliharibika saa nne asubuhi na mpaka sahivi naandika mkono unatetemeka.

Jina la mwenye jengo ninapopanga sitaji. Mwenye fremu ya duka Kariakoo anamjua, na kama hujawahi kupanga kwake basi umeshasikia mtu akimlaani kwenye daladala. Yule wa kiti cha kuzunguka na feni mbili, zote zinamwelekea yeye. Ndo huyo huyo.

Mkataba wangu unaisha mwezi wa sita, kaniita mwezi huu wa tano nilipe mapema, eti "nafasi ina watu wanaisubiri". Sawa. Fremu yenyewe upana wa kitanda, akiingia mteja mnene inabidi mimi nitoke nje ndo ageuke, kodi dola 600 kwa mwezi, miezi sita kwa mkupuo, yaani dola 3,600. Dola, wakuu, kuuza mabegi ya shule! Nikaangalia reti ya dola ya asubuhi ilikuwa inakaribia 2,700, nikaihesabu 2,700 kamili asije kusema nampunja, ikaja milioni tisa laki saba na ishirini elfu. Nyingine yangu, nyingine nimekopa kwa shemeji. Noti zote za elfu kumi, vichwa vya tembo vyote upande mmoja, mabunda yamefungwa na rababendi. Mke wangu alikaa kuzipanga usiku mpaka saa sita.

Nikaziweka mezani. Jamaa hakunyanyua mkono. Akachukua kalamu, akalisukuma bunda la kwanza kwa ncha ya kalamu, taratiiibu, likarudi upande wangu. Akasema, "Kijana, hizi hela za madafu kanunulie mchicha. Mimi nilikwambia dola."

Kwa ncha ya kalamu. Hakutaka hata ukucha wake uiguse, ungedhani nimemwekea panya aliyekufa juzi.

Nikamwambia mzee wangu, mimi dola natoa wapi, wateja wangu akina mama wa Mbagala na Gongo la Mboto, hakuna anayekuja kununua begi la mtoto wa darasa la pili kwa dola. Akasema basi shilingi atapokea ila kwa reti yake. Reti yake! Ana Benki Kuu yake pale chini ya feni. Na hiyo reti ni 2,850, kwahiyo milioni kumi laki mbili na sitini, laki tano na arobaini zaidi ya nilizobeba, na hizo ndo faida ya mabegi sijui mangapi, sitaki hata kuhesabu nitalia.

Halafu mnakumbuka Desemba ya 2024 shilingi ilivyojikakamua, dola ikashuka mpaka kwenye 2,400 hivi? Nikaenda mbio kulipa nikijua leo napumua. Akanipigia 2,700, eti "mimi sifuati upepo". Dola ikipanda anaifuata dakika hiyohiyo na viatu mkononi, ikishuka amekuwa mtu wa msimamo!

Na kanuni zipo, zimetangazwa tarehe 28 Machi 2025, bei ya bidhaa na huduma ndani ya nchi itajwe kwa shilingi, kumkatalia mtu shilingi ni kosa. Nikamgusia hilo kwa adabu zote. Akacheka mpaka akakohoa, akarudi kwenye simu yake, na kalamu bado iko juu ya bunda langu.

Sasa kila siku watu wanauliza kwanini shilingi inashuka. Jengo lile simenti yake ya Wazo, mchanga umetoka hapahapa, mafundi wamelipwa shilingi tena kwa kuchelewa, umeme wa Luku ananunua kwa shilingi, mlinzi anamlipa shilingi, dola imeingilia mlango gani? Mle ndani fremu zaidi ya mia. Kila mkataba ukiisha watu wote wale wanaingia mtaani kugombania dola ya kuja kumpa mzee akaifungie kabatini, dola ambayo ingeleta dizeli au dawa. Hafu jioni mnakaa kwenye taarifa ya habari mnashangaa dola imeadimika.

Mimi sina usomi wa uchumi. Ninachojua nimeiona shilingi ikitukanwa mbele yangu, na kalamu, ya bluu, kifuniko kimetafunwatafunwa. Kanunulie mchicha!

Shubiri Kavu:

Mtoa mada povu lote hilo, mwisho wa siku ulilipa au hukulipa? Hilo tu.

Mabegi_Jumla:

Nililipa. Nilirudi kukopa tena. Ningefanyaje, mzigo uko njiani toka Guangzhou na shule zinafunguliwa mwezi wa saba. Ila ile kalamu naenda nayo kaburini.

Shubiri Kavu:

Kwahiyo kalamu imeshinda 😂😂 nasoma komenti hapa

Tuli_Mbeya:

Pole kaka ila usimbebeshe mzee mmoja mzigo wa nchi. Mwezi wa kwanza mpaka wa sita kila mwaka ni ukame wa dola, watalii wachache, korosho zimeshauzwa, tumbaku bado, lakini meli ya petroli inakuja vilevile, ngano tunaagiza, mbolea tunaagiza, mafuta ya kula tunaagiza, mpaka vijiti vya meno. Kuanzia wa saba wazungu wanajaa Serengeti na Zanzibar, mazao yanatoka, shilingi inanyanyuka. Ndo hiyo Desemba yako. Na pale 2022 na 2023 Marekani walipandisha riba yao toka karibu na sifuri mpaka juu ya asilimia 5, dola zikakimbilia kwao, sio sisi tu tuliolia. Tatizo letu tunanunua nje kuliko tunavyouza, basi.

Kichuguu:

Vijiti vya meno!!! Na msitu wa Sao Hill upo Mufindi miti imesimama inatuangalia. Mimi hapo ndo huwa nalia.

Mabegi_Jumla:

Tuli nakuelewa, lakini ukame wa mwezi wa tano ndo umemtuma anisukumie hela kwa kalamu? Angeshika kwa mkono akanirudishia ningeumia kidogo.

Fundi wa Friji:

Hahaha mkuu tatizo lako ni kalamu au reti? Chagua moja tukusaidie.

Mabegi_Jumla:

Vyote. Ila kalamu zaidi.

Mstaafu wa Relini:

Vijana mnalia na 2,700. Noti zetu zilipotoka 1966 dola moja ilikuwa shilingi saba na senti kumi na nne. Naajiriwa mimi 1978 haijafika nane. Ikaja vita na Amini, mafuta yakapanda, kahawa na katani zikaanguka bei, serikali ikaishikilia reti kwa mkono huku mtaani inauzwa bei nyingine kabisa kwa kunong'ona, na dukani hakuna sabuni. Mwalimu Nyerere hakutaka kusikia habari ya IMF, lile Shirika la Fedha la Kimataifa. 1986 Mzee Mwinyi akakubaliana nao, mwaka ulianza dola ni shilingi 16 na kitu ukaisha imepita 50, mwaka mmoja huo! Mshahara wangu uleule. Nilikuwa naweka akiba ya pikipiki, nikanunua baiskeli.

Fundi wa Friji:

Mzee kumbe madafu yalianza zamani.

Mstaafu wa Relini:

Heshima, kijana. Mwaka ule ukiwa na dola mfukoni bila kibali ulikuwa unalala ndani. Nyie mnabadilisha madukani mchana kweupe.

Wa Kayole:

Pole sana bro kutoka Nairobi. Huku Januari 2024 dola ilifika 160, tukaambiwa nchi inazama, Februari serikali ikalipa sehemu kubwa ya ile Eurobond, deni la nje la dola bilioni mbili, ikashuka hadi karibu 130. Sasa niulize kama spea za gari zilishuka. Landlord wangu aliongeza rent akisema ni dola, dola iliposhuka akasema ni stima. Huyo wako angalau ni mkweli.

Shubiri Kavu:

Mkenya kaleta na wa kwake 😂 si mnajisifuga shilingi yenu moja ni kama ishirini zetu?

Wa Kayole:

Na hiyo moja huku hununui hata switi. Mnatuonea wivu wa nini?

Kichuguu:

Mkuu mkweli wa wapi mtu anakupigia 2,850 wakati reti ni 2,700? Huo ni ukweli wa panya kwenye gunia.

Mwana Kisanga:

Wandugu mimi niko Lubumbashi. Huku nyumba ni dola, masomo ya watoto ni dola, telefone ni dola, franga tunabakia nayo ya kununua mboga. Na hiyo dola ikikuwa na kapasuko kadogo kama jino la panya wanakukatalia. Mwenye duka alinirudishia noti ya mia moja juu ya doa moja ya wino, aliishika na vidole viwili kama soksi. Njo maana namuelewa huyu ndugu wa kalamu. Mchunge shilingi yenu, ikishatoka mukononi kuirudisha ni kazi.

Mabegi_Jumla:

Ndugu yangu wa Lubumbashi wewe peke yako umenielewa. Vidole viwili na kalamu ni ndugu.

Bint Unguja wa Maskati:

Sie huku Oman riyali moja dola mbili na nusu na ushei, toka 1986 iko palepale haijatikisika. Hebu hangaikeni na madafu yenu.

Tuli_Mbeya:

Wenzako wana mafuta chini ya ardhi dada, usijisifu kwa riyali ya watu. Nyumbani unatuma?

Bint Unguja wa Maskati:

Natuma kila mwezi. Dola ikipanda wananshangilia kwa kuwa wanapata shilingi nyingi, haipiti wiki mbili wananiletea sauti za kulia, dada mchele umepanda, dada mafuta yamepanda. Sijui mie nimsikilize nani.

Tandale kwa Tumbo:

Jamani dola mnaionea tu. Adui wa nchi hii ni dalali. Natafuta chumba Sinza, udalali kodi ya mwezi mzima, kabla ya hapo hela ya kuonyeshwa chumba, nafika chumba chenyewe kina mpangaji ndani anakula ugali, hajui kama anahama!!

Binti Magomeni:

Afadhali wewe uliona ugali. Wangu alinionyesha kwa picha kwenye simu, nikalipia, kufika nakuta ni choo kimepakwa rangi.

Kichuguu:

Na kilemba cha Kariakoo hamkitaji? Unampa mtu mamilioni ili akupishe tu, kodi bado, halafu mwenye jengo anasema yeye huyo mtu hamjui.

Mabegi_Jumla:

Wakuu turudi kwenye mada. Mada ni shilingi kudharauliwa.

Tandale kwa Tumbo:

Mada ni dalali mkuu. Huyo mzee wako ulimpata kupitia nani?

Mabegi_Jumla:

Dalali.

Tandale kwa Tumbo:

Ahaaa.

Dafu_Coco:

Nimesoma uzi huu toka mwanzo nikiwa kazini, na mimi niseme. Nauza madafu ufukweni Coco mwaka wa saba sasa, nimesomesha, nimemaliza msingi wa nyumba Chanika. Kila mtu akitaka kuitukana shilingi anasema hela ya madafu. Dafu limewakosea nini? Linapandwa Mkuranga, linapakiwa Mkuranga, napasua kwa panga alilofua fundi wa hukuhuku, mtu anakunywa analipa shilingi anaenda zake ameridhika. Halijawahi kunidai dola hata siku moja. Angekuwa hivyo huyo mwenye jengo shilingi isingefika hapo. Kama anataka kutukana hela ya nchi atafute kitu kingine aite, aache dafu langu.

Wa Kayole:

Huyu ndiye nimemsikia vizuri leo.

Shubiri Kavu:

Coco dafu shingapi sahivi?

Dafu_Coco:

Buku jero, yaani elfu moja mia tano, kubwa buku mbili.

Shubiri Kavu:

Buku mbili?? Mimi Feri napata kwa buku.

Mabegi_Jumla:

Jamani nawaomba, mtu kanisukumia milioni tisa kwa kalamu

Dafu_Coco:

Buku Feri unauziwa koroma wewe, dafu hulijui.

Mstaafu wa Relini:

Koroma maji yake yameshaanza kukata ladha, ndiyo maana wanashusha bei. Kijana wa Coco yuko sahihi.

Shubiri Kavu:

Sio koroma mzee, lina nyama laini kabisa, nakula kwa kijiko.

Binti Magomeni:

Laini kama uji au laini kama kamasi? Kama kamasi hicho ni kitale, umeliwa.

Tuli_Mbeya:

Kitale ndo nini tena?

Dafu_Coco:

Wa milimani huyo kashafika. Toka changa mpaka kukomaa: kidaka, kitale, dafu, koroma, nazi. Andika, halafu Jumapili njoo Coco uonje.