Tupeane uzoefu: kioo kilichowahi kukuvurugia programu

Fundi Vioo: Wakuu, leo nimeona mtu analalamika kwamba kitufe cha kulipia hakionekani kwenye simu yake, nikakumbuka mbali. Unaunda programu, kwenye kompyuta yako kila kitu kimekaa sawa, ikifika kwenye simu za watu ni vurugu tupu. Wewe yalikukuta yapi?

Dada Kodi: Kilichonitesa mimi si kioo, ni maandishi. Niliitwa kurekebisha programu ya miadi ya zahanati. Kuna mama mtu mzima alikuwa amekuza maandishi ya simu hadi mwisho, macho yanamsumbua. Kachagua siku, kachagua daktari, kaenda. Jina halipo. Kakaa kwenye benchi tangu asubuhi anaambiwa hakuweka miadi, na yeye anaapa aliweka. Nikaomba nione simu yake. Aliyeunda ule ukurasa alikuwa amefunga kimo cha kila kisanduku, na ukurasa wenyewe hausogei juu wala chini. "Thibitisha" lilikuwa limesukumwa hadi ukingoni, zinaonekana ncha za herufi tu: kofia ya T, shingo ya h, nukta za i. Mama wa watu angejuaje kwamba pale kuna kitufe? Niliumia sana. Na tangu Android 14 mtu anaweza kukuza maandishi hadi 200%, kwa hiyo wa aina yake ni wengi. Tuliondoa vimo vyote vya kufunga, kitufe kikapewa kimo kisichopungua 48dp (dp ni kipimo cha Android kinachobaki karibu na ukubwa uleule kwenye kila kioo) ili kidole kipate pa kugusa, ukurasa ukaachiwa usogee.

Kobe Mpole: Vimo vya kufunga ni balaa. Naunga mkono.

Msanifu2: Dawa ni kupima kila kitu kwa asilimia. Yamekwisha.

Fundi Vioo: Hapana mkuu. Asilimia 90 ya upana wa simu ni sawa. Asilimia 90 ya upana wa kishikwambi kilicholazwa ni mstari mrefu mpaka msomaji anapotea akitafuta mstari unaofuata. Upana uwekee kikomo.

Msanifu2: Basi zuia programu isizunguke, ibaki wima.

Zawadi K: Usimpotoshe mwenzako. Ukiunda programu kwa kulenga Android 16, kwenye vioo vya kuanzia 600dp mfumo unalipuuza hilo zuio, ukiacha michezo. Na tuache kuuliza kama hii ni simu au kishikwambi. Uliza dirisha lina upana gani sasa hivi, maana tangu Android 7 mwaka 2016 mtu anagawa kioo kati ya programu mbili. Chini ya 600dp panga vitu safu moja, kuanzia 840dp orodha na maelezo yakae kando kwa kando.

Msanifu2: Mimi nazuia siku zote, sijaona lalamiko.

Zawadi K: Aliyekerwa anaifuta tu, hakuandikii.

Mkunjo: Simu za kukunjwa je? Mteja kajaza fomu ndefu, kaikunjua simu aone vizuri, fomu yote ikawa tupu. Mfumo hujenga ukurasa upya kioo kikibadilika. Hifadhini alichoandika mtu, jamani.

Kobe Mpole: Dada Kodi, yule mama alihudumiwa?

Dada Kodi: Alihudumiwa siku ileile, daktari alikubali kumwona wa mwisho.

Mgeni Hapa: Kwangu kibodi inafunika kisanduku cha chini. Nifanyeje?

Zawadi K: Usikisie kimo cha kibodi. Mfumo unakutajia, isogeze fomu kwa kiasi hicho hicho.