Mayai ya Pasaka na watoto, rangi ishike vizuri nifanyeje?

MamaWawili: Wakuu habari za jioni. Wanangu wameona kwenye tivii mayai ya Pasaka ya rangi rangi sasa sina raha, kila saa mama na sisi lini. Rangi ya chakula ninayo, ila nataka na wao wajifunze kitu humo humo, maana huyu mkubwa kila jambo lazima aulize kwanini. Na yalike baadaye jamani, siwezi kutupa mayai.

Kaka_Maabara: Dada hapo mchezo wote ni siki. Chemsha mayai yaive kabisa yapoe, chukua kikombe cha maji moto, tia kijiko kikubwa cha siki na matone ya rangi, tumbukiza yai halafu waambie wakodoe macho. Ganda litaanza kutoa vipovu vidogo vidogo, kwa sababu karibu lote ni kalsiamu kaboneti na siki ni asidi, vikikutana inatoka kaboni dayoksaidi, gesi ile ile ya kwenye soda. Asidi ndo inafanya rangi ishike. Yai lingine waliweke kwenye rangi bila siki walinganishe, huyo wa kwanini atajijibu mwenyewe.

BintiPwani: Rangi za kununua za nini shoga yangu. Chemsha maganda ya vitunguu, yai linatoka kahawia jekundu zuri mno. Manjano nayo inakubali ila ikigusa kanga umeumia. Sasa kabichi ya zambarau ndo balaa, maji yake ukitia siki yanakuwa ya pinki, ukiliacha yai humo usiku kucha kwenye friji asubuhi ni la bluu!! Rangi ile inabadilika kwa asidi, na ganda linaiua asidi pale linapogusana nayo.

Mzee_wa_Mbagala: Bei ya trei ilivyo halafu mnayapaka rangi 😂 Haya, haya ya kisasa ya kahawia yanakubali?

Kaka_Maabara: Yanakubali mkuu ila rangi inakuwa nzito, njano ndo huioni kabisa. Bora kienyeji yale meupe meupe. Na wachore kwanza kwa mshumaa, nta haipitishi maji, mchoro unabaki bila rangi.

MamaWawili: Asanteni sana aisee. Yakae mezani mpaka jioni wageni wayaone?

BintiPwani: Kwa joto hili la Dar? Masaa mawili tu, yarudi friji.