Sikukuu hii nataka watoto wajifunze kuwatendea wema watu wasiowajua, mnaanzaje?

MamaWawili:
Habari zenu wapendwa. Nina watoto wawili, mkubwa ana miaka 7 na mdogo 4. Sikukuu ikikaribia stori zote humu ndani ni nguo mpya na zawadi na nani kapata nini, sasa mwaka huu nataka wafanye hata kitu kidogo kwa mtu ambaye sio ndugu wala rafiki. Nilivyomwambia mkubwa akanijibu palepale, "na yeye atanipa nini?" Iliniuma kwa kweli. Afu kingine, kila siku tunawakataza wasizoeane na watu wasiowajua, leo tuwatume wakawape zawadi, si tunawachanganya?

MwalimuChekechea:
Mama Wawili hilo swali lisikutishe kabisa, wema wanao tangu wakiwa wadogo sana. Watafiti wawili wa saikolojia, Warneken na Tomasello, walichapisha utafiti mwaka 2006, watoto wa miezi 18 wanamuona mtu wasiyemzoea kaangusha kitu na hakifikii, wengi wakaenda kumuokotea bila kuahidiwa chochote. 2008 wakarudi na wa miezi 20, wale waliokuwa wanapewa kitu cha kuchezea kila wakisaidia, baadae wakawa wanasaidia kidogo kuliko ambao hawakupewa kitu. Kwahiyo usimwambie ukimpa yule mlinzi kadi nitakununulia kitu, hapo umeshageuza kibarua. Mwambie ukweli tu kwamba kuna watu siku hiyo wako kazini wakati sisi tumekaa na familia, muuguzi wa zamu, dereva wa basi, anayefagia barabara alfajiri, afu muulize wewe unamuona nani? Amchague mwenyewe. Akimchagua mwenyewe anakuwa na uchungu na jambo lake.

BabaMapacha:
Kwenye usalama sioni mkanganyiko mkubwa, ila waelezwe wazi. Wangu wanajua wema kwa mtu tusiyemjua tunafanya pamoja na mzazi, hawaendi peke yao, hawaingii ndani kwa mtu na hawaongozani na mtu, basi. Na mtoto akiona aibu usimsukume, asimame nyuma yako akabidhi mzazi yeye apunge mkono tu.
Mmoja wangu alimchorea kadi mlinzi wa usiku, kamchora na tochi kubwa kuliko kichwa, maana akichungulia dirishani anachokiona ni hiyo tochi tu. Yule mzee alicheka sana, akaikunja taratibu akaitia mfuko wa shati akamuuliza, unaitwa nani mjukuu wangu? Sasa hivi wanaamkiana kila siku.
Na jamani simu tuziache mfukoni, mtoto akishajua anapigwa picha anaangalia kamera, hamuangalii tena yule mtu.

BibiWaWajukuu:
Mmesema vizuri wanangu. Mi naongezea, hicho cha kutoa kiwe chake, alichokichora au kitu chake anachokipenda, sio mama ununue yeye akabidhi tu. Hata watafiti Aknin, Hamlin na Dunn mwaka 2012 waliona watoto wa chini ya miaka 2 wanafurahi zaidi wakitoa kitu chao wenyewe kuliko wakipewa kingine ndo wakitoe. Na naomba sana msiwaambie watoto "twende tukawasaidie maskini". Mlinzi ana kazi yake na heshima yake, mtoto anamshukuru hamuhurumii, na watoto wanavyotusikia tukiongea ndo wanavyokuja kuwaangalia watu. Aanze na shikamoo, kadi ifuate.

MamaWawili:
Asante sana bibi, mwalimu na baba Mapacha. Hilo la kumshukuru na sio kumhurumia sikuwa nimeliwaza hivyo. Nimewauliza jioni hii, mdogo anataka kumpa mzoa taka mpira wake mdogo eti akacheze na mtoto wake, mkubwa bado anafikiria na simharakishi. Ila mzoa taka anapita mapema sana, itabidi niwaamshe kabla hakujakucha.