Tupeane uzoefu: maksi za Fedha za Biashara huwa zinapotelea wapi?

Mpwa wa Mhasibu: Wakuu, matokeo ya muhula yamebandikwa na vilio vimeanza: "Jibu nilipata, mbona nimepewa C?" Mnaosahihisha, mnaoendesha semina, mnaojua ya ofisi ya mitihani, mwageni. Tuanze na swali la NPV (thamani ya leo ya fedha zitakazoletwa na mradi, ukitoa fedha unazoweka mwanzoni), ndilo linalozika wengi.

Bi Mizania: Kupata jibu la mwisho ni maksi 1 tu, mwanangu. Chukua swali la kawaida la maksi 20. Mashine milioni 40, inatumika miaka 4, haina thamani ya mabaki. Faida kabla ya uchakavu na kodi ni milioni 17 kwa mwaka, kodi 30%, riba ya punguzo 12%. Mtaji wa kuendeshea (fedha za shughuli za kila siku) milioni 3 unaingia mwanzoni na kurudi mwaka wa 4. Halafu wanakuchomekea mtego: upembuzi yakinifu wa milioni 2 uliolipwa mwaka jana.

Msahihishaji ana mwongozo mbele yake. Uchakavu wa milioni 10, maksi 2. Kodi ya milioni 2.1, maksi 2. Kurudisha uchakavu, kwa kuwa si fedha inayotoka mfukoni, na kufikia mtiririko wa fedha wa milioni 14.9, maksi 3. Kuuacha upembuzi nje na kusema kwa nini (hela imeshatumika, hairudi hata ukikataa mradi), maksi 2. Mtaji wa kuendeshea kuutoa mwaka 0, maksi 1. Kuurudisha mwaka wa 4, maksi 2. Vigezo vya punguzo 3.037 (jumla ya miaka 4) na 0.636 (mwaka wa 4 peke yake), maksi 2. Thamani ya sasa, maksi 3. NPV ya 4,159,300, maksi 1. Uamuzi na sababu yake, maksi 2. Jumlisha mwenyewe.

Sasa yule aliyeandika "NPV = 4,159,300" peke yake katikati ya ukurasa anadai nini hasa?

Kichwa Ngumu: Naunga mkono. Na uamuzi watu huandika "kubali" wakafunga kitabu. Hawasemi kwa sababu NPV ni kubwa kuliko sifuri. Maksi 1 imekwenda.

Desa la Jana: Upembuzi ukiuacha kimya kimya bila kuutaja, unapata 1 badala ya 2. Msahihishaji hajui kama ulijua au ulisahau.

Mtahini wa Zamani: Hapa kuna jambo kubwa zaidi. Kijana akisahau kurudisha uchakavu, mtiririko wake unakuwa milioni 4.9 na NPV inaangukia hasi 26,210,700. Anaandika "kataa mradi". Kwa mwongozo unaofuata takwimu za mwanafunzi anapoteza zile 3 tu, anabaki na 17, kwa kuwa hatua zilizofuata alizifanya sawa kwa namba zake mwenyewe. Haadhibiwi mara mbili kwa kosa moja.

Baba Riba: Mzee, kwa heshima, hiyo ni huruma. Mradi mzuri ameukataa! Kampuni ingekosa milioni 4 na ushei. Kwangu thamani ya sasa, NPV na uamuzi vyote vimekufa. Atabaki na 11.

Mtahini wa Zamani: Ndugu yangu, tunapima kama anajua kupunguza thamani, hatumwajiri. Mtahini wa nje akija akakuta mmoja ana 17 na mwingine ana 11 kwa kosa lile lile, utamjibu nini?

Baba Riba: Nitamjibu kuwa yule mwenye 17 amependelewa.

Bi Mizania: Mnaona sasa? Ndiyo maana tunawaambia muonyeshe kazi. Asiyeonyesha mchakato hana cha kufuatwa, hata akisahihishiwa na huyu mpole.

Mkenya wa Thika: Huku kwetu mgawanyo ni CAT (majaribio ya muhula) 30, mtihani 70, na A inaanzia 70. Nyinyi mna 40 za muhula kwa 60 za mtihani, si mnabebwa na kazi za muhula?

Dada Semista: Kaka, hatubebwi. Kwenye hizo 40, vyuo vingi vinataka angalau 16 ndipo uingie UE, mtihani wa mwisho wa muhula. Una 15? Hukai kwenye kiti. Kawaida ni testi mbili za 15 na kazi ya kikundi 10. Ukilala testi ya kwanza ukapata 3, hesabu zimeshabana.

Mkenya wa Thika: Haya, nimenyamaza.

Fundi wa Excel: Kwenye kazi ya kikundi ndiko kuna vituko. Kuna darasa, chuo sikitaji, walipewa swali kama hilo la Bi Mizania walifanye kwa Excel. Vikundi kadhaa vikaleta jibu moja: 3,717,017. Jibu la Excel likifanywa sawa ni 4,163,060. Ile fomula ya NPV inachukulia namba ya kwanza kuwa ya mwisho wa mwaka wa 1, kwa hiyo ukiingiza na mwaka 0 ndani yake, kila kitu kinagawanywa kwa 1.12 mara moja zaidi. Kosa la kawaida kabisa. Lakini mwalimu akafungua sifa za mafaili: jina la aliyelitengeneza ni moja, kote! Vikundi vyote sifuri kati ya 10, na mwenye faili akaitwa kamati ya nidhamu.

Desa la Jana: Subiri, mwenye faili aliuza au aliibiwa?

Kichwa Ngumu: Mimi nataka kujua, walishindwa hata kubadilisha jina?

Fundi wa Excel: Walibadilisha jina la faili. La mtengenezaji linakaa ndani. Aliliweka kwenye kundi la WhatsApp "kama mfano".

Dada Semista: Mfano! Na kuna mwenzao alikuwa na 22 kwenye testi, hiyo sifuri haikumgusa sana. Waliokuwa na 12 ndio walikwama.

Mpwa wa Mhasibu: Wakuu, turudi. Tofauti ya 4,163,060 na 4,159,300 haileti shida?

Bi Mizania: Hapana, ni jedwali la desimali tatu. Zote zinapokelewa. Usichanganye tu katikati ya swali.

Baba Riba: Kwenye WACC (wastani wa gharama ya mtaji kwa uzito wa kila chanzo) je? Deni la 15% wanaliacha hivyo hivyo. Toa kodi ya 30%: 10.5%. Mtaji wa hisa 20% kwa uzito wa 60%, deni kwa 40%, unapata 16.2%. Wao wanaleta 18%.

Mtahini wa Zamani: Hapo tumekubaliana.

Dada Semista: Na GPA, wastani wa alama zote, wasiisahau. A ni pointi 5, B+ 4, B 3, C 2, unazidisha kwa krediti. Fedha ikiwa na krediti 12 ukapata C, Takwimu krediti 9 ukapata A, Mawasiliano krediti 6 ukapata B+, ni 24 + 45 + 24 = 93, gawanya kwa 27: 3.44. Vyuo vingi hukata, havikuzi, unabaki 3.4. Upper second, daraja la pili la juu, inaanzia 3.5. B moja tu ya Fedha ingekupa 3.8. Na ukiifanyia sapu, yaani mtihani wa marudio, kiwango cha juu ni C.

Kichwa Ngumu: Anza na nadharia upate uhakika.

Desa la Jana: Anza na hesabu kabla kichwa hakijachoka.

Baba Riba: Anza kwa kusoma maelekezo. Umeambiwa jibu manne, ukajibu matano, nasahihisha manne ya kwanza. La tano ni zawadi kwa chuo.