Msaada: maembe ya kukausha kwa kugandisha yananata katikati

Mama wa Ng'ambo (Tabora)

Ndugu wanajukwaa, habari za kazi. Kikundi chetu cha akina mama kimenunua mashine ndogo iliyokwisha kutumika ya kukausha kwa kugandisha, kwa kuwa maembe ya kwenye kichanja cha jua hugeuka rangi ya kahawia na kupoteza harufu. Tunakata vipande vinene kama kidole gumba, tunavilaza usiku mmoja kwenye friza ya nyumbani, kisha tunaviweka mashineni kwa saa 24. Vinatoka vimeumuka kama maandazi, lakini ukivimega, katikati vinanata kama ulimbo. Tunakosea wapi? Na je, asali yetu nayo inaweza kukaushwa hivyo?

Fundi Majokofu

Mama, huko kuumuka ndiko kunakoonyesha kosa. Barafu hutakiwa kugeuka mvuke bila kuyeyuka kwanza, jambo linalowezekana tu mgandamizo wa mvuke ukiwa chini ya paskali 611, ilhali hewa ya usawa wa bahari ina takriban paskali 101,325. Friza ya nyumbani hufika nyuzi 18 hivi chini ya sifuri, na kwa baridi hiyo sukari ya embe huzuia sehemu ya maji isigande. Pampu inapovuta hewa, majimaji hayo huchemka na kutoa mapovu. Gandisheni hadi karibu nyuzi 40 chini ya sifuri, mkate vipande vya milimita 6, wala msiwashe joto la trei kabla ombwe (hali ya hewa kuvutwa na kuisha ndani ya mashine) halijatulia. Joto lenyewe ni la lazima, kwani kila kilo ya barafu huhitaji takriban kilojuli 2,800 ili iwe mvuke, ila lisizidi kasi ya mvuke kuondoka.

Mchakataji wa Ujiji

Naongezea kuhusu kondensa, yaani sehemu ya baridi ya mashine inayonasa mvuke. Wengi hudhani pampu ndiyo inayotoa maji, kumbe pampu huondoa hewa tu; mvuke hunaswa na koili yenye baridi ya nyuzi 50 chini ya sifuri au zaidi, ukagandia hapo. Koili ikijaa barafu, mvuke hupenya hadi kwenye mafuta ya pampu na ombwe hulegea. Pampu yangu ya kwanza ilikufa hivyo, nami nilisikitika sana. Kagueni kidirisha cha mafuta: yakiwa meupe kama maziwa, yameingia maji.

Kujua kama vimekauka, pimeni trei kwenye mizani, mrudishe kwa saa 2, mpime tena. Uzito usiposhuka, fungeni papo hapo kwenye mifuko ya foili, maana vipande hivyo hunyonya unyevu upesi mno. Asali iacheni, kwa kuwa karibu yote ni sukari na haigandi ikawa barafu. Mngeanza na uyoga wa miombo, ambao sukari yake ni kidogo.

Mama wa Ng'ambo (Tabora)

Ahsanteni sana. Nimetoka kukitazama kidirisha sasa hivi, na mafuta ni meupe kabisa. Tutayamwaga leo, na kundi linalofuata litakuwa la uyoga.