Shule za serikali Bukavu (Kongo): watoto wamejaa, prime irudi?

Tangu Septemba 2019 primere (shule ya msingi) ni bure katika shule za serikali, zikiwemo za mkataba zinazosimamiwa na makanisa. Madarasa katika komini za Kadutu na Bagira yamefurika, na kuna wanaodai wazazi waanze tena kumlipa mwalimu prime, pesa ya nyongeza kutoka mfukoni mwao. Mnasemaje?

Papa wa Bagira: Irudi. Chukua darasa la kwanza la watoto 90, somo la kusoma dakika 30. Kila mmoja akisoma kwa sauti dakika moja, 60 hawafikiwi. Madaftari 90 ya imla, dakika mbili kila moja, ni saa tatu za kusahihisha. Nani atazifanya kila jioni kwa mshahara ule? Anatia alama tu, anafunga daftari. Mtoto anafika la tatu akikariri ukurasa kwa kufuata picha. Ficha picha kwa kiganja, ananyamaza.

Mwalimu, Kadutu: Papa, hesabu yako ni sawa, dawa siyo. Prime inapunguza watoto kwa njia moja: kumfukuza asiyelipa. Ibara ya 43 ya Katiba ya 2006 inasema primere ya serikali ni ya lazima na ya bure. Hao 90 wanatokana na kitu kingine. Mwezi wa tisa shule inafungua darasa la kwanza B kando ya A. Mwalimu anaanza kazi, jina lake halipo kwenye listi ya mishahara: ni NP, asiyelipwa. Miezi inapita, anaacha, B inamwagwa ndani ya A.

Mama wa komite ya wazazi: Na tusidanganywe na “ENAFEP 100%”. Huo ni mtihani wa taifa wa kumaliza primere, wa darasa la sita tu. Shule inaweza kuwarudisha wanyonge la tano, ipeleke wenye nguvu, ipate mia kwa mia. Ombeni rejista: walioingia la kwanza miaka sita iliyopita, waliorudia, waliopotea, walioandikishwa mtihani. Waliohamia shule nyingine watoeni kwenye hesabu, la sivyo mtamwonea direktere bure.

Papa wa Bagira: Sawa Mama. Lakini NP ale nini mpaka jina litoke?

Mwalimu, Kadutu: Hapo umenishika. Shule nyingine zinagawa A asubuhi na mchana, mwalimu yuleyule anayelipwa. Watoto wanakuwa 45, ila saa zinakatwa, na kundi la mchana linampata amechoka. Kwa la kwanza na la pili ningekubali hivyo, kuliko 90 kwa pamoja. La sita, hapana.

Mama wa komite ya wazazi: Basi faili la NP lipelekwe kabla ya mwezi wa tisa, komite ipewe kopi yenye mhuri wa kupokelewa. Bila mhuri, mwakani wataambiwa halikufika.