Msaada: tunashuka pwani na watoto, hatujui mikondo wala maji kujaa na kupwa

Zabibu_Dom:
Wakuu, habari za jioni. Sisi watu wa Dodoma, bahari tunaiona kwenye TV. Likizo ya Desemba tunashuka Dar na watoto, tutafikia Kigamboni, kisha tutavuka kwenda Paje, Unguja. Wakubwa wawili wanaogelea, walijifunzia bwawa la hoteli. Shemeji anasema tuchague pale maji yalipotulia, mbali na mawimbi yanayopasuka. Mama mkwe hataki kabisa, anasema bahari inavuta watu. Nimsikilize nani? Na Paje nasikia maji yanaondoka, mnatembea mpaka mbali. Mnarudi saa ngapi?

Kapeto:
Bahari ina wenyewe. Saa saba mchana na magharibi msiingie.

NgalawaMoja:
Mama mkwe. Shemeji anawapeleka mlangoni kabisa mwa mkondo.

Ufukwe wa Kigamboni unaotazama bahari kuu unapigwa na mawimbi. Maji yanayosukumwa ufukweni lazima yarudi, na hurudi kwa kujichimbia njia kwenye mchanga. Juu ya njia hiyo kina ni kirefu, ndiyo maana mawimbi hayapasuki. Ukisimama mahali pa juu utaona povu jeupe kulia na kushoto, katikati maji yametulia, yamekolea rangi au yamevurugika mchanga, na takataka zinaelekea nje. Huo ndio mkondo. Tazameni kwanza dakika kumi, ndipo watoto wavue nguo.

Ukinaswa, haukuzamishi, unakupeleka nje tu. Ulio mkali hufika mita 2 kwa sekunde, hata bingwa wa Olimpiki hashindani nao. Watu huishiwa pumzi wakipambana kurudi palepale walipoingilia. Wewe elea chali, inua mkono, ita. Ukiwa na nguvu, ogelea sambamba na ufukwe mpaka utoke kwenye upana wake, halafu rudi penye mawimbi yanayopasuka, yatakusukuma nchi kavu.

Mama_Pacha:
Na anayevutwa akiwa mtoto wako? Mimi nitaruka tu, siwezi kusimama.

NgalawaMoja:
Dada, ukiruka mikono mitupu tutatafuta wawili. Dumu la lita 20, tupu, kizibo kimekazwa: mrushie alikumbatie, mwingine akimbilie wenye boti. Nenda na dumu lako kutoka nyumbani. Kama kuna waokoaji, kaeni mbele yao.

Binti_Jambiani:
Paje ni habari nyengine. Mawimbi yanavunjikia kwenye mwamba huko nje, ndani kumetulia, ila lazima ujue saa. Maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, kila safari huchukua saa 6 na dakika kidogo, na kila siku huchelewa kama dakika 50. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu ni bamvua: hupwa kwenye saa 4 asubuhi, hujaa kwenye saa 10 alasiri, na tofauti ya kina hupita mita 3. Wiki moja baadaye ni maji mafu, saa zinageuka na bahari haiendi mbali.

Wageni husubiri wayaone maji yakija kwa mbele. Hayaji hivyo! Hujaza kwanza mabonde yaliyo nyuma yako, wewe bado umesimama kwenye fungu kavu unapiga picha. Geukeni maji yakiwa bado yanatoka. Saa mbili za katikati ya zile sita ndizo za kasi, karibu nusu ya maji yote hupita hapo. Siku za bamvua watazameni kinamama wa mwani: wakianza kubeba mizigo kurudi, na nyinyi rudini. Na msisogelee mlango wa mwamba maji yakitoka, kwani maji ya ndani yanatafuta njia hapo.

Zabibu_Dom:
Asanteni sana, hii ya dumu naibeba. Mdogo wa miaka minne tumemnunulia boya la kupuliza, anafaa kuingia nalo?

Binti_Jambiani:
Boya la kupuliza ni la mchezo, dada, si la kuokolea. Asubuhi umande ukivuma kutoka nchi kavu linateleza kwenda nje na mtoto juu yake, na huwezi kulikimbilia majini. Maji yamwishie magotini, na wewe uwe karibu kiasi cha kumshika mkono.

Kapeto:
Na simu iwekwe mkobani.